Mwaka Mmoja Bila Fidelis, na Gari Lake la Kabureta Tatu

Hukuwa na cheti cha ufundi. Hukuwa na gereji, ila nafasi ya gari moja nyuma ya duka la matairi la Ghalib, yenye mlango uliogoma kufungika wakati wa baridi. Hukuwa na suti ya pili. Hukuwa na subira na watu wanaochelewa Misa, wala hukuwa na sauti ya kuimba, ingawa uliimba. Hukuwa na kibanja Bukoba, maana sehemu yako ulimwachia dada yetu Leokadia alime. Na hukuwa na mtoto wa kiume. Hilo la mwisho wewe hukulitaja hata siku moja. Tulilitaja sisi.

Mwaka umetimia, mdogo wangu Fidelis, tangu asubuhi ile ya Oktoba 1997 moyo wako uliposimama ukiwa kazini, katika chumba cha mitambo ya joto pale chuo kikuu, College Park. Tulikurudisha Bukoba ukalala karibu na baba. Leo tunakuandikia katika jarida hili la Watanzania wa Washington na vitongoji vyake, ili wanaokukumbuka wasome, na ili mimi kaka yako niseme jambo ambalo halifai kusemwa pembeni.

Wengi hapa Adelphi wanakukumbuka kwa betri. Theluji ikianguka, simu yako ililia kuliko ya parokia. Ulikwenda na nyaya zako na chupa ya chai ya tangawizi. Gari la mwanafunzi wa watu likiwaka, ulimmiminia yeye kwanza, ndipo ukanywa wewe. Aliyeingiza mkono mfukoni ulimwambia, "Rudisha huo mkono ndani ya glovu, kuna baridi."

Ulikuwa ukinawa grisi kwa sukari na sabuni ya vyombo, na mkeo Euphrasia alikuwa akilificha kopo la sukari nyuma ya unga.

"Baba Edna, hiyo ni ya chai!"

"Na mikono nayo inataka chai yake, mama."

Kopo siku hizi linakaa mezani. Shemeji anasema halipungui, na hafurahi.

Sasa niseme habari ya gari, maana huwezi kukumbukwa bila hilo gari.

Mwaka 1969, nilipokuwa dereva wa ubalozi wetu hapa Washington, nilikutumia viatu Bukoba, kila kimoja nimekifunga kwa ukurasa wa gazeti la picha. Katika ukurasa mmoja kulikuwa na gari jekundu, Pontiac GTO. Uliniandikia barua ya shukrani yenye mistari miwili juu ya viatu na ukurasa mzima juu ya gari. Picha uliibandika juu ya kitanda chako. Kwa hiyo, mdogo wangu, niliyekuanzishia ugonjwa huo ni mimi, ingawa miaka yote nilikana.

Ulipofika Amerika mwaka 1978, magari yale yalikuwa yamekwisha kuwa mabaki ya uani. Uliyaita magari ya misuli, kama wenyewe wanavyoyaita. Mwaka 1989 ulilikuta la kwako Springfield, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane, chini ya turubai, na panya wamezaliana ndani ya kiti cha dereva. Lilikuwa la mwaka 1966. Ulilileta kwa tela, ukaniita nije nilione.

"Hili ni kopo," nilikwambia.

"Kaka, kopo halina silinda nane."

"Lina panya wangapi?"

"Panya nitawahamisha. Wewe keti."

Niliketi juu ya tairi, nikafungua gazeti langu, na tangu siku ile nikaja kila Jumamosi kwa miaka minane. Nilidai nakuja kukuangalia usijiumize.

Ulikuwa mwalimu, Fidelis, kuliko baadhi ya walionifundisha mimi shule ya jioni. Ukiwa umelala chini ya gari ulinisomesha historia. Ulisema kampuni iliyoyaunda ilikuwa imekataza gari la ukubwa wa kadiri kupewa injini kubwa mno, basi mwaka 1964 wahandisi wakaiandika injini kubwa kama nyongeza ya hiari, ya mnunuzi kujichagulia, na hivyo ikapita. Vijana wakaikimbilia, na kampuni nyingine zote zikafuata. Kila mwaka nguvu za farasi zikaongezeka, mpaka 1970 zilipofika kileleni. Kisha bima ikawa ghali kwa kijana yeyote. Sheria za hewa safi zikadai petroli isiyo na madini ya risasi, na injini zikapunguzwa makali. Mwaka 1973 Waarabu wakafunga mafuta, watu wakapanga foleni kwenye vituo, na misuli ikageuka aibu.

"Miaka kumi tu, kaka," ulisema. "Kitu kizuri hivi, miaka kumi tu."

Sikuamini. Nilikwenda maktaba nikashinda na vitabu mpaka wakafunga milango, nia yangu ikiwa kukukamata na kosa. Sikukuta hata moja. Jumamosi iliyofuata nilifungua gazeti langu nikajificha nyuma yake. Nakwambia leo: ulikuwa sahihi, hata kwenye hesabu ya miaka.

Fahari yako kubwa ilikuwa kabureta tatu zilizopangwa mstari juu ya injini. Ile ya kati inafanya kazi kila siku. Mbili za pembeni zinalala, zinaamka dereva anapokanyaga mafuta mpaka chini. Mwaka 1966 ndio uliokuwa wa mwisho kutolewa GTO za namna hiyo. Ulisema mafundi wa siku hizi wakiziona wanakimbia, kwa sababu haziungwi na mashine yoyote ya kupimia. Zinataka masikio.

Na Edna alikuwepo. Binti yako alikuwa na miaka kumi na mmoja ulipolileta gari, na kila Jumamosi alikuwa hapo, nywele ndani ya kofia yako, akishika tochi. Nilimwona. Niliona mtoto anayempenda baba yake, na sikuona zaidi ya hapo.

Baada ya matanga tulikaa kikao sebuleni kwangu kugawa vitu vyako, Leokadia akisikiliza kwa simu kutoka Bukoba. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Saa yako nilimpa mjomba, koti la baridi akapewa mwanafunzi mmoja asiye na koti. Gari nililiandikia jina la mwanangu Fredy. Niliandika hivi, na nakala iko kwa ukoo: "Gari: Fredy, kwa kuwa ndiye mwanamume."

Sauti ya Leokadia ilitoka kwenye simu: "Na mtoto wa marehemu apewe nini?"

"Edna atapewa redio," nilisema.

Edna alisema, "Okay, baba mkubwa," akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Fredy ni kijana mwema, unamjua. Alijitahidi. Lakini gari lilikohoa, likatikisika, likazima kila kwenye taa nyekundu. Mafundi watatu walifunua boneti wakaifunga. Mwezi uliopita akatokea bwana mmoja mnunuzi, akasema atalichukua, atazitoa hizo kabureta tatu na kuweka moja ya kisasa, kwa kuwa hakuna tena anayejua kuzipatanisha. Fredy aliniuliza. Nikakubali. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilikubali kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu lile gari likiwa bovu lilikuwa linanisuta.

Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, tulikuwa nyuma ya duka la Ghalib tunamsubiri bwana huyo na tela lake. Euphrasia alikuwa amemtuma Edna aje achukue ovaroli yako na chupa ya chai kabla mahali hapajafungwa. Alimkuta Fredy ndani ya gari, anapiga stata, injini inashika na kufa.

"Kaka Fredy, acha. Unaiflood."

"Nifanye nini sasa? Haitaki kuwaka."

"It wants to. Toa mguu kwenye mafuta. Ngoja kidogo. Haya, sasa."

Lugha ya vijana wetu ndiyo hiyo, nimeiandika kama ilivyosemwa. Alimaanisha kwamba Fredy anaizamisha injini kwa petroli, na kwamba yenyewe inataka kuwaka. Iliwaka, ikitetemeka. Edna aliweka begi lake la vitabu chini, akanyoosha mkono ukutani bila kutazama, akatwaa kile kipande cha bomba la mpira kilichotundikwa kwenye msumari. Miaka minane niliutazama mpira ule nikidhani ni wa kunyonyea petroli. Aliweka ncha moja sikioni, ncha ya pili akaizungusha taratibu chini ya kabureta, moja baada ya nyingine, amefumba macho.

"Ya mbele, sawa. Ya kati, sawa." Akafika ya tatu. "Hapa. Inavuta hewa. Baba mkubwa, njoo usikilize."

Nilisikiliza. Kulikuwa na mluzi mwembamba, kama birika lililoachwa jikoni nyumba ya jirani.

"Dad alisema gasketi ya nyuma ndiyo itachoka kwanza," alisema. "Nilikata hii tuliyoweka ninety-four."

"Nani alikata?"

"Mimi. Zote nilikata mimi. Vidole vyake vilikuwa vinene."

Alizima injini. Alichukua karatasi ngumu ya gasketi, ile ya kuziba hewa kati ya chuma na chuma, kutoka rafu ya juu, mahali ambapo Fredy hakuwahi kutazama, akailaza juu ya chuma, akaanza kugonga kingo kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, mpaka umbo likajichora lenyewe. Fidelis, ilikuwa sauti yako ya Jumamosi. Siku zote nilidhani anayegonga ni wewe, kwa sababu nilikuwa nyuma ya gazeti.

Ghalib alitoka dukani kwake na sahani ya mkate wa kumimina, akasimama mlangoni.

"Mzee Tobias," akasema, "miaka minane umekalia tairi langu. Kumbe ulikuwa ukitazama nini?"

"Ghalib, niache."

"Sikuachi leo. Mie niko upande wa pili wa ukuta, na mie nilijua!"

Edna aliifunga gasketi mpya penye mluzi, na chini ya saa moja gari lilikuwa linanguruma kwa utulivu, kila silinda mahali pake. Niliweka kikombe cha chai juu ya chuma karibu na injini, kama ulivyokuwa ukifanya kwa kujigamba, na chai haikumwagika. Nikamuuliza mtoto: "Edna, kwa nini hukusema siku ya kikao?"

Alikuwa anafuta spana zako moja moja. "Hukuniuliza, baba mkubwa. Mliuliza nani mwanamume." Kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, "And I thought you knew, nilidhani unajua. Ulikuwa unakuja kila Jumamosi. Ulikaa pale."

Tela likaingia uani wakati huohuo. Yule bwana alishuka, akasikiliza, akavua kofia. Alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mzee. Nikamwambia nasikitika kwa safari yake, gari haliuzwi. Aliniuliza nani amezipatanisha kabureta, na Fredy akamwonyesha Edna. Mwanangu alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Baba, asante," aliniambia baadaye. "Lile gari nilikuwa naliogopa."

Mdogo wangu, nimejisomesha hadi utu uzima. Vyeti vyangu vya shule ya jioni viko ukutani, na nilivifuta vumbi hata siku ya kikao chako. Lakini nililigawa gari lako kama kibanja cha baba, ambacho mwanamume hupewa ili kisitoke katika ukoo. Gari halikuwa la ukoo. Lilikuwa la watu wawili waliolitengeneza, mmoja amekufa, na yule aliyebaki nilimpa redio.

Asubuhi ya leo, baada ya Misa yako, tumekaa tena sebuleni kwangu. Fredy ametia sahihi nyuma ya hati ya gari. Mimi nimeandika barua kwa Leokadia na ukoo, kwa Kiswahili safi, nakala mbili, nikaufuta ule mstari wa mwaka jana. Nimeanza hivi: "Dada, uliuliza mtoto wa marehemu apewe nini. Nilikujibu vibaya. Gari ni la Edna, kwa kuwa ndiye aliyelijenga pamoja na baba yake."

Waliotia sahihi chini ya barua ndio haohao wanaokukumbuka leo, na watakaokukumbuka siku zote walizobakiza: mkeo Euphrasia; binti yako Edna; Fredy, mwana wa kaka yako; Ghalib, ambaye tulimwambia si wa ukoo naye akatia sahihi hivyohivyo; na mimi kaka yako, Tobias. Dada yako Leokadia ataongeza jina lake itakapomfikia.

Edna aliisoma yote, kwa Kiswahili, kwa sauti, akikwama mahali pawili. Kisha akaikunja. Euphrasia alifunga bahasha, akaibana kwa kiganja kama anavyobana chapati. Nilivaa kofia. Edna akaniambia nifunge mkanda, nikafunga, na kwa mara ya kwanza nikakaa ndani ya GTO yako ikiwa barabarani. Alinifikisha posta ya University Boulevard kwa mwendo wa heshima, kabureta mbili za pembeni zimelala. Niliidondosha barua sandukuni kwa mkono wangu mwenyewe, nikaisikia ikifika chini.