Rangi Moja kwa Mawe Mawili

Griftu, Wajir
Tarehe 9 Agosti 1996

Mpendwa mjukuu wangu Abdimalik,

Assalamu alaykum. Miaka mitatu hujakanyaga hapa! Hata ngamia wangu aliyeibwa mwaka juzi amerudi. Wewe mwenye nauli na viatu umeshindwa. Afya yako vipi? Unakula? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti, nayo yana hasira kama mimi. Anayeniandikia ni Safiyo, mke wa binamu yako Gelle. Kisomali hajui kukiandika, kwa hiyo leo nakugombeza kwa Kiswahili.

Wiki iliyopita alikuja mtaalamu wa kisima na karatasi kubwa, rangi tele kama nguo za bibi harusi. Akasema ni picha ya nchi yetu, imepigwa na setilaiti kutoka juu kabisa, na inaonyesha kila aina ya jiwe. Nikamuuliza kama hiyo setilaiti ilishuka kuligusa hata jiwe moja. Hapana. Nikamwambia tai pia wako juu, na hakuna anayewauliza habari za maji.

Akacheka. "Mama, setilaiti haikosei."

"Itakoseaje, na hainywi?" mzee Warfa akamjibu.

Halafu mtaalamu akatusomea jina la aliyeichora ramani, pale pembeni. Jina lako. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisogea karibu na karatasi, maana nilikuwa nimeona kidole chake kimesimama wapi.

Abdimalik, umepaka manjano mahali pawili: kule juu kwenye mawe ya chokaa, na kule bondeni kwenye jasi. Kutoka angani vyote ni vyeupe, sawa. Lakini wewe hukuzaliwa angani! Ulichunga mbuzi bonde lile lile. Ulikuwa ukichora ngamia kwa ukucha juu ya jasi, jiwe lile laini, mpaka nikuite chakula mara tatu. Kwenye chokaa ukucha unavunjika. Mtoto wa miaka sita alilijua hili. Bwana mkubwa wa ofisini halijui. Aibu gani hii?

Wamepiga vigingi vinne bondeni. Mashine ya kuchimba inakuja mwisho wa mwezi, na kisima ni kimoja tu kwa sisi wote. Maji ya chokaa ni matamu, ya jasi ni machungu. Ngamia huyavumilia, mtoto mchanga hayawezi. Shangazi yako Idman aliyanywa mwaka wa ukame, akaharisha siku nne, nikamzika hajaanza kutembea. Mtaalamu nilimweleza. Akasema ofisi inafuata ramani, haifuati hadithi za wazee. Haya, maneno yangu ni hadithi. Jina lako je? Hilo limo ndani ya ramani yao.

Safiyo anasema nipunguze ukali. Nimekataa. Wengine siwapendi kiasi cha kuwakasirikia hivi.

Msalimie mkeo Ruweyda, na umbusu mtoto wenu Bilan. Mwambie mbuzi wake amezaa mapacha. Gelle na mzee Warfa wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde huko, akufungue na macho.

Ukija, na uje kabla ya hiyo mashine, usianzie kwangu. Teremka bondeni, ung'oe vigingi vyote vinne kwa mkono wako, mtaalamu akikuona, ukavipige kule juu kwenye chokaa. Ndipo uje tukumbatiane.

Ni mimi, ayeeyo wako, nikupendaye hata nikikuchukia,
Rahmo
(nimeweka dole gumba)