Kisahani Kilichoivishwa na Mawe

Jumapili, jioni. Mvua ya alfajiri imeosha mawe yote ya huku Butimba, na ziwa limetulia kama uji uliopoa. Bega la kulia linawaka moto. Moyo, wenyewe, unacheka.

Leo lazima niandike. Nikilala bila kuandika, kesho shemeji yangu Masanja atakuwa ameshaisimulia habari hii kivuko kizima cha Busisi, anakofanya kazi ya kufunga kamba, na Masanja akisimulia jambo hata aliyekuwepo anaanza kujiuliza kama alikuwepo.

Nianze na kisahani chenyewe, maana hapa mtaani ukisema unacheza gofu ya visahani watu wanakuangalia kama umekula mhogo mchungu. Ni kisahani cha plastiki, chekundu, kipana kama kifuniko cha sufuria ndogo, ukingo wake umechongoka. Unakishika ukingoni, unakivuta mpaka kifuani upande wa kushoto, halafu unakifyatua. Mbele, mbali huko, kuna tenga la samaki limesimamishwa juu ya mawe. Kazi yako ni kukitia humo kwa marusho machache. Viko visahani vya kutumbukizia karibu, vinene na vizito vya akili. Viko vya mbali kabisa, vikali, vinavyotaka mkono wa mtu mwenye hasira. Changu kiko katikati ya hivyo: kinakwenda mbali, na bado kinasikia amri.

Kinasikia kikishakuzoea.

Alinipa Bwana Eriki, Mzungu aliyekuwa akitengeneza mitambo ya barafu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Tulivyojuana ni hivi, na hili sijamwambia mtu. Kiwanda chetu cha nguo kilipouzwa na sisi tukapunguzwa, niliendelea kuvaa ovaroli yangu kila asubuhi, nabeba mfuko wenye chakula, naaga, natoka. Majirani wakadhani mimi Mabula bado nahitajika mahali. Nilikuwa nakuja kukaa huku mawe­ni, natazama maji mpaka saa ya watu kutoka kazini. Tangu soko huria liingie kila mtu Mwanza ana biashara, huyu mitumba, huyu mapanki, yale mabaki ya sangara, huyu kibanda cha video. Mimi nilikuwa na ovaroli.

Leokadia, mke wangu, alijua siku ya pili tu. Aliendelea kunifungia chakula.

Basi huko mawe­ni ndiko nilikomkuta Bwana Eriki anarusha sahani peke yake kama mtu aliyegombana na vyombo. Nikamwokotea kimoja. Nikamrudishia kwa kukirusha. Na nisiseme uongo, kile kisahani kilivuka kichwa chake, kikavuka mwamba wa nyuma yake, na mwewe mmoja akakifuata akidhani ni sangara amepata mabawa. Bwana Eriki alivua kofia. Tangu siku hiyo tukawa tunacheza kila Jumamosi, na ndani ya mwezi mmoja nilikuwa namfunga mpaka namhurumia. (Alinifunga mara chache. Alikuwa na viatu vizuri.)

Alipomaliza mkataba wake aliniachia hiki chekundu, kipya, bado kiko kwenye nailoni. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mayai kwamba kisahani kipya ni kikaidi. Kitakwenda vizuri, halafu kikianza kuchoka kitakatia kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Nikitumie, kigonge miti, kigonge mawe, siku moja ukaidi utakitoka.

Nilimwitikia. Moyoni nikasema, huyu hajalelewa.

Kitu kipya unakipiga mawe? Sisi nyumbani makochi yalikaa na nailoni zake mpaka nailoni ikachanika yenyewe. Glasi za harusi yetu ziko kabatini, chini ya kitambaa alichofuma Leokadia, zinamsubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Kisahani changu nikakiweka hapo hapo katikati ya glasi. Jumamosi nakitoa, nakwenda nacho uwanja wa kanisa kwenye nyasi laini, narusha, nakifuta kwa khanga, nakirudisha. Nilikilea kama yai.

Na kweli, kila rusho kilikatia kushoto. Nikajifunza kudanganya: tenga likiwa mbele, mimi nalenga kulia, ili kikishakata kirudi katikati. Watu wakishangilia nawaambia ndiyo mtindo wangu. Lakini uwanja wa kanisa una nafasi ya kulenga kulia. Huku mawe­ni, kulia ni ua wa minyaa na kushoto ni ziwa.

Hapo ndipo alipoingia Sista Paskalia.

Sista ni mkuu wa shule ya msingi ya masista hapa juu. Alisikia kuna mzee anarusha sahani, naye anataka watoto wawe na mchezo usiohitaji uwanja, maana shule yao imejengwa juu ya majabali na mpira ukipigwa unafikia ziwani. Akaniita. Akasema anahitaji mtu wa kufundisha mchezo huu, ajira ya shule kabisa, lakini kwanza aone kwa macho yake. Tena huku mawe­ni, si kwenye nyasi. Nikamwambia, Sista, mimi nikitaka natia kisahani kwenye dirisha la meli inayotoka Bukoba. Akasema, "Meli iache iende zake. Mimi nitaweka tenga."

Siku ikapangwa, ndiyo leo. Kati ya siku ile na leo nikaitwa Misungwi kwenye mavuno ya mpunga wa kaka yangu, nikakaa huko wiki kadhaa. Nimerudi Alhamisi. Nafungua kabati: glasi zipo, kisahani hakipo.

"Kaka alikuja kukiazima," Leokadia akasema, anachambua mchele hata hainui kichwa.

"Kaka yupi?"

"Mimi nina kaka wangapi, Baba Neema?"

Masanja! Nilikwenda kwake mbio. Nikamkuta kibarazani anakula muwa. Kisahani kiko chini, kimelaliwa na kuku. Nikakiokota. Ee Mungu wangu. Ukingo umejaa meno, mikwaruzo mpaka tumboni, sehemu moja imebonyea kabisa.

"Shemeji, mwadila," akanisalimu Kisukuma. "Sahani yako nzuri. Nimeichezea kule mawe­ni kila nikitoka zamu."

"Umeniulia."

"Mbona inapumua?"

"Masanja, Jumapili nina Sista!"

"Sasa Sista anakuja kukagua vyombo au kuona unarusha?" Akatema kishina cha muwa. "Mimi ningekuwa wewe ningeijaribu kwanza. Siku hizi inanyooka."

Niliondoka bila kuaga, na mkewe yuko pale anachemsha chai ya mgeni. Hilo ni kosa, nitalirekebisha.

Ijumaa nzima nilikaa kitandani nimegeukia ukuta. Nilikuwa nawaza si kisahani tu. Nilikuwa nawaza kwamba mwanamume wa umri wangu amepata mlango mmoja tu tangu kiwanda kiuzwe, na ufunguo wake umekwenda kutafunwa na mawe. Leokadia akaja akaweka chai, akasema, "Nenda huko kwa Sista basi, umwambie umeshindwa." Akatoka.

Jana nikainuka.

Nilikwenda mawe­ni peke yangu mapema, upepo wa ziwani haujaamka. Nikasimama, nikalenga minyaa kulia kama desturi yangu, nikafyatua. Kikaenda kwenye minyaa. Hakikukata. Kilikwenda nilikokituma, tena kikaongeza kidogo kulia kwa kiburi chake.

Nikakichokoa huko, nimetapakaa utomvu, nikarudi. Safari hii nikalenga tenga lenyewe, kwa nguvu zangu zote. Kikanyooka, kikaanza kulalia kulia, kikapitiliza. Nikakaa chini. Nikakigeuza-geuza. Wakati wa upya wake ningekirusha hivyo kingeishia kwa samaki.

Ndipo nikakumbuka Bwana Eriki alivyokuwa akishika vile vyake vikuukuu, vilivyochakaa mpaka rangi imepotea, ambavyo mimi nilivicheka. Alikuwa anavitoa mkononi vimeinama, ukingo wa nje ukitazama chini. Nikafanya hivyo. Nikakiinamisha, nikakivuta taratibu, nikakiachia.

Nimeona mambo mengi. Nimeona kiboko akinywa maji ya baraka. Lakini hili sijawahi kuliona. Kisahani kiliondoka kimeinama, kikajinyanyua chenyewe hewani mpaka kikawa bapa kabisa, kikanyooka juu ya mawe kama kimepigiwa mstari, na mwisho, kilipochoka, kikalalia kushoto kidogo tu, kama mtu mzima anayekaa kitini.

Nilipiga kelele peke yangu. Mawe ya Masanja yamenifanyia kazi niliyokataa kuifanya mwenyewe.

Sasa leo. Baada ya misa ya kwanza Sista akaja na darasa zima la watoto wakakaa juu ya jabali kama ndege. Masanja naye akaja na sare yake ya kivukoni, hakuna aliyemwalika. Tenga liko ng'ambo ya mawe mawili yaliyosimama kama miimo ya mlango. Nikawaambia watoto wasipepese macho, maana wanaweza kukosa historia.

Mkono ukasahau. Miezi yote ile ya kulenga kulia, na macho ya Sista, na jasho. Nikafyatua kama kisahani bado ni kipya. Minyaa!

Watoto wakaangua kicheko. Masanja akashuka kukichokoa huku anapaza sauti: "Sista, shemeji yangu amekuja kukata ua! Malipo yake mpe kuni!"

Nikatamani ziwa linimeze. Nikakipokea kisahani, kinanata. Nikakifuta kwenye suruali ya misa. Nikavuta pumzi, nikakiinamisha ukingo wa nje chini, nikakivuta taratibu.

Kikajinyanyua. Kikanyooka. Kikapita kati ya yale mawe mawili bila kugusa upande wowote, kikalalia kushoto, kikagonga ukingo wa tenga, tap! Kikaangukia nje.

Mtoto mmoja akasema, "Aaa, kidogo!"

Sista akaja mpaka nilipo. Akaomba kisahani, akapitisha kidole kwenye yale meno ya ukingo. "Mwalimu," akasema, na mimi nikageuka kutazama anamwita nani. "Kisahani ni hiki hiki, mkono ni huo huo. Mbona cha kwanza kimekwenda huku na cha pili kimekwenda kule?"

Mdomoni nilikuwa nimeshaandaa kisingizio cha upepo. Nilikuwa nimeandaa hata mwewe. Lakini nikaona watoto wote wameinamisha shingo kusikia, nikasema ukweli: cha kwanza nilikirusha kana kwamba bado ni kipya. Kipya ni kikaidi, kinakata kushoto, hivyo unalenga kulia. Hiki kimeshagonga mawe, ukaidi umekitoka, sasa ukikielekeza kulia kinakutii kinakwenda kulia. Lazima ukirushe kilivyo leo, si kilivyokuwa. Na siku upepo ukitoka mbele kwa nguvu, hiki kitapinduka, utakitafuta kile kikaidi kipya. Kila kimoja kina siku yake.

"Na nani alikigonga mawe?" akauliza Sista.

Hapo nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Masanja alikuwa ananitazama, anakula muwa wake, wala hanikatazi.

"Ni huyu shemeji yangu," nikasema. "Alinisaidia bila kuniomba ruhusa."

Masanja muwa ukampalia. Ikabidi watoto wampige mgongoni.

Sista akacheka mpaka akashika kitambaa chake cha kichwani. Akanirudishia kisahani. "Jumatatu saa nne. Utaanza na darasa la nne. Vaa viatu vya kufunga kamba, siyo hayo malapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani nimemwambia Leokadia kwamba kisahani kiliingia tengani, kikazunguka mara saba, kikatoka kusalimia watu. Akasema Masanja ameshapita. Tukacheka wote, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna aliyekuwa anamficha mwenzake kitu. Sasa yuko uani anapiga pasi shati langu, naye anaimba, na wimbo wa mke wangu ni mbaya sana, lakini nimemwacha aimbe.

Jambo moja linanisumbua. Darasa la nne ndilo nililoachia shule. Sijawahi kusimama mbele ya darasa, nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa ajili ya kutoroka. Kesho watoto wale watasimama waseme shikamoo mwalimu, na mimi nitaitika marahaba kwa sauti ipi?

Nimeamua hivi. Sitaanza na hadithi. Nitampa mtoto wa kwanza kisahani, nimwonyeshe kidole kikae wapi, halafu nifunge mdomo mpaka kitue chini, ndipo nimuulize yeye ameona nini.

Kufunga mdomo kwa muda wote huo, Mabula mimi. Nitaweza?