Hatua Tatu Kutoka Duara Langu

Jumatatu, 3 Juni
Likawage nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Duara ni langu: shimo langu, njia ya chini nimeichimba mwenyewe. Tangu mwenzangu Hamisi arudi kwao Kiswere sigombani na mtu kuhusu kazi. Nimechimba Mererani, nimechimba Msumbiji, kote wananijua. Leo nimeshuka, nimepanda. Wali wa jana.

Jumatano, 5 Juni
Wageni. Dada mmoja wa Rutamba, Salima, na wachimbaji wake wanne. Wanafungua duara jipya. Desturi ya hapa, mgeni anamuuliza mwenye duara la zamani aanzie wapi, naye anampimia hatua kumi, njia zisikaribiane huko chini. Nikampimia tatu. Akauliza, si karibu mno? Nikamwambia magogo yangu huko chini yamebeba mlima mzima, yatashindwa na sururu zenu? Akacheka. Muda mrefu sijamchekesha mtu.

Jumatano, 12 Juni
Nawasikia ukutani. Sururu, na mmoja ana kikohozi. Nimegonga mara tatu, wakajibu tatu. Chakula cha mchana nimekula huko huko chini. Raha.

Ijumaa, 14 Juni
Ufa, upande wao. Nimeupaka udongo mbichi nione kama unatembea. Nikaenda kuswali.

Jumamosi, 15 Juni
Udongo umechanika. Gogo moja limepinda kama mzee anayeumwa kiuno. Wakila mwamba wa katikati, mzigo wote unanilalia mimi. Ukishuka, unashuka na wao pia.
Nikisema, watahama. Sikusema.
Mtu mbaya mimi.

Jumatatu, 17 Juni
Mchanga unadondoka bila kuguswa. Yule wa kikohozi yuko nyuma ya ufa kabisa, mpaka pumzi yake naisikia. Nikapanda mbio, nikamwambia Salima awatoe watu wake sasa hivi. Wakatoka wote, wamejaa vumbi. Ndipo nikamwambia na habari ya hatua kumi.
"Sasa kwa nini, kaka?"
"Nilitaka kuwasikia."
Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kabla ya alasiri ukuta ukalala. Njia yao imejaa, yangu imejaa. Miaka yangu sita.

Alhamisi, 20 Juni
Wamehamia ng'ambo ya korongo. Salima alipita asubuhi, akaacha mihogo mlangoni. Hakukaa. Nimeichemsha, nimekula nimesimama.
Ile bahati niliyoiandika sina. Niko peke yangu tu, na sipendi.