Kiti kimoja cha mutaa muzima

Yaya Furaha, pokea jambo yangu yenye kutetemeka na baridi ya Bukavu.

Huku Kadutu tunapita nyumba kwa nyumba na ankete, ile maulizo ya kujua nani iko maskini: iko na radio, mbuzi, kiti? Nyumba ya kwanza walinikalisha ku kiti ya kijani, muguu moja imefungwa kamba. Kwa jirani, tena ile ile! Kwa mwingine, ile ile! Maman wa pale akacheka: «Tunaazimanaka, mugeni hawezi kaa chini.» Chef wetu wa kazi akasema niandike hawana kitu. Wivu ya ile kuazimana yao ikanishika kabisa. Mimi, wa tumbo moja na wewe, nilikuomba valizi ya safari ukakataa. Nguo zangu zilikuja mu karton.

Nitakuletea sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwa. Mungu akulinde, Yaya, wewe na valizi yako.

Mudogo wako, Zawadi