Meno ya Baba Zulekha

Mudi, leo nimeumbuka!

Baba yake Zulekha kaja hapa kwangu Ilala kumkagua mtu anayemchumbia binti yake. Akainama kuchungulia tangi langu la samaki. Nikamwambia, "Mzee, hayo matumbawe siyo mawe, ni wanyama hai."

Akacheka hadi meno ya bandia yakachomoka, chubwi, yakatua juu ya matumbawe!

Unajua nilisema nini? "Mungu wangu, matumbawe yangu!" Mbele ya mkwe, Mudi! MATUMBAWE YANGU!

Mzee kazamisha mkono, kayatoa meno, kayavaa hapohapo. Akalamba midomo.

"Kijana, chumvi imezidi. Utawaua wanyama wako."

Nikapima. Kweli imezidi!

Basi posa kaikubali, na maji atakuja kuyaonja mwenyewe kila Jumapili.