Boga Lenye Shingo ya Seremala

12 Mei

Kitindamimba wetu,

Barua hii imepata wasikilizaji kabla ya kupata msomaji, kwa hiyo sina budi kuzingatia itifaki. Mama, aliyeketi dirishani, mguu juu ya kigoda. Shangazi, aliyekuja kuazima mkasi wa maua na sasa yuko kwenye kikombe cha pili cha chai. Mume wangu, mwenye meza ninayoandikia. Na mwisho wewe, usiyekuwepo lakini unayetajwa kuliko waliopo: nawasalimu nyote. Sisi hatujambo. Goti la Mama asubuhi limetulia, jioni lina maneno. Wewe je, kifua kimepona? Lifti za hospitali yenu bado zinapanda?

Sasa lililonikalisha hapa. Tangu goti la Mama likatae kuteremka bustanini msimu uliopita, maboga nayalima mimi. Mwaka huu nilipanda mbegu za boga lake mwenyewe, lile tulilolitenga kwa ajili hiyo. Maboga ya Mama unayajua: duara, yamebonyea juu kama mto uliokaliwa, ngozi ya kijivu. Niliyoyavuna juzi ni marefu, yana shingo, yana mistari ya kijani, na yote yanafanana kama mapacha.

Nilimpelekea moja. Akaligonga, akalisikiliza, akalipapasa shingo.

"Huyu si wa nyumbani," akasema.

"Mama, nimempanda kwa mkono wangu."

"Sikuulizi nani kapanda. Nauliza nani kazaa."

Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika. Mama hakucheka. Maonyesho ya mazao na maua ni Oktoba, na hakuna mwaka ambao meza ile imekosa maboga yake matatu, tangu wewe hujazaliwa. Mbegu za zamani zimekwisha. Zilizobaki zililiwa na panya. Maboga yasipojirudi, mbegu yake imefia mikononi mwangu.

Basi wewe unayefungua mashine kujua kwa nini zinagoma, niambie: boga linabadilikaje likiwa bado ndani ya tumbo la mama yake?

Dada yako mkubwa

30 Mei

Dada yangu,

Mama kwanza, Shangazi pili (kikombe kiwekwe chini kabla ya kuendelea), Shemeji tatu, nawe msomaji wa hadhara: shikamooni. Kifua kimepona. Lifti zinapanda zote, ila ya jikoni, ambayo hushuka ikijisikia.

Katika kazi yetu, mashine ikigoma hatuulizi nani mbaya; tunauliza nini kimebadilika. Kwa hiyo nijibuni haya. Udongo ni ule ule? Majirani walipanda nini msimu ule mbegu zilipopatikana? La tatu huenda likawachekesha. Nakumbuka nikiwa mdogo Mama alinishikisha uzi jioni, akalifunga mdomo ua la boga ambalo halijafunguka, lile lenye kijiboga kidogo chini yake. Asubuhi alilifungua, akalisugua kwa ua dume, kisha akalifunga tena. Mimi nilidhani tunavalisha maua vilemba. Je, msimu uliopita ulifunga? Na muulizeni Mama, kufunga kule kulikuwa kwa ajili ya nini?

Mdogo wako

18 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika na zimegawiwa kwa mpangilio. Tu wazima wa mwili.

Udongo ni ule ule. Sikufunga. Mama alikuwa kitandani, mimi nilikuwa na bustani nzima ya kumwagilia, na nilidhani, kama wewe, kwamba vile vilikuwa vilemba. Nilipomuuliza Mama sababu, alinigeukia.

"Kuzuia wadudu," akasema. "Ndivyo alivyonifundisha marehemu shangazi yangu."

"Wadudu gani?"

"Mimi nilifundishwa kufunga, sikufundishwa kuuliza. Wewe uliuliza nini siku ya kwanza kupewa mswaki?"

Kuhusu majirani, nilipotoka shuleni kufundisha nililichukua boga kwapani nikaenda karakana ya Seremala, nyuma ya uzio wetu. Msimu ule ndipo alipoanza kupanda maboga yake marefu. Alifagia takataka za randa, akaliweka letu juu ya meza kando ya lake, akayapima yote mawili kwa futi kana kwamba ni miguu ya kiti.

"Shingo ni yangu," akasema. "Mistari ni yangu. Tumbo silijui."

"Limefikaje kwetu?"

"Mwalimu, nyuki hapigi hodi."

Mkewe akasema kutoka ndani, "Kumbe unazaa nje, na mimi nipo."

"Sikuwa na habari, mke wangu. Nami ndiyo naambiwa leo."

Basi fumbo limefumbuka. Nyuki alichukua chavua ya ua la Seremala akaileta kwenye ua letu lililoachwa wazi. Boga lililokua pale lilikuwa na sura ya boga la Mama kwa nje, ndiyo maana hatukushuku kitu, lakini mbegu zilizokuwa ndani yake tayari zilikuwa na wazazi wawili. Tumekuja kuwaona watoto mwaka huu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Jioni ndipo aliposema, "Shangazi yangu alinikabidhi kitu kizima." Tangu siku hiyo hataki kiti chake kielekezwe bustanini.

Ulipoondoka alikufungia mbegu kwenye leso. Bado unazo? Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Dada yako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Barua yangu ya Juni haikurudi wala haikujibiwa. Kadi ya kushiriki maonyesho iko juu ya kabati na Mama hataki iguswe. Kama mbegu zimepotea, sema zimepotea. Nyumba hii imesikia makubwa kuliko hayo. Kinachomuumiza ni kugeuza shingo kila mlango unapobishwa.

Dada yako

21 Septemba

Kwa Mama, mwenye mbegu, kwa Shangazi, kwa Shemeji, kwa Dada, ambaye naomba anisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu:

Shikamooni. Mimi ni mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilichokuwa nacho kilikuwa tumaini tu, nanyi mlikuwa mmeshachoka nalo.

Mbegu za leso zilikuwa chache na kuukuu. Siku nilipopata barua yako ya kwanza nilizipanda zote kwenye mabeseni yaliyopasuka ya chumba cha kufulia, nikayaweka juu ya paa la hospitali, ubavuni mwa chumba cha mitambo ya lifti, ambako ukuta huwa na joto. Ufunguo wa huko tunao mafundi peke yetu. Uliota mche mmoja. Ukatambaa, ukatoa maua, na maua yakaanguka, moja baada ya jingine. Sikuelewa, mpaka nilipokumbuka Seremala na nyuki wake. Paa letu liko juu mno, nyuki hafiki. Ikabidi niwe nyuki. Nilinunua brashi ya kunyolea, nikawa napanda juu kila alfajiri kabla ya zamu. Mkuu wa zamu alinikuta nimeinama juu ya ua.

"Fundi, unalinyoa?"

"Naliozesha, bosi."

Aliondoka bila kuuliza zaidi, na tangu hapo hunisalimia kwa heshima mpya.

Ua moja likashika. Leo nimelikata boga. Ni la kijivu, duara, limebonyea juu. Huku halikuwa na jirani wa kuchanganyika naye. Kwa mwaka mzima wa kukaa peke yangu huku, ni mara ya kwanza upweke kunipa faida.

Mbegu zake zimejaa. Zinakauka dirishani, na mwenzangu mmoja wa kazini anayesafiri mwishoni mwa Novemba atawaletea. Seremala aombwe aache yake marefu, na hayo ya shingo mtupe. Mwambieni Mama kitu chake ni kizima.

Mdogo wako

26 Oktoba

Kitindamimba wetu,

Kikao kimekaa, nami nimeamriwa kuandika. Mama, mwenye neno la mwisho, Shangazi, mwenye waridi lenye kadi ya mshindi wa pili, Seremala na mkewe, ambao leo wameingia kwetu kwa mlango wa mbele, mume wangu, nanyi majirani wa mstari wa uzio mliojaza sebule: nawatambua nyote, na mdogo wangu awatambue huko aliko. Tu wazima. Mama ni mzima kuliko sisi.

Barua yako ilifika siku chache kabla ya maonyesho. Nilipoisoma, Shangazi alipiga vigelegele. Mama aliniambia nisome tena pale pa mche mmoja, kisha akasema nimpe kadi iliyo juu ya kabati. "Mwanangu hakukaa mikono mitupu," akasema. "Na mimi sitakaa."

Seremala akafunga magurudumu kwenye kiti cha Mama, na tukamsukuma mpaka ukumbini na maboga matatu ya shingo mapajani. Kadi ilidai jina la aina ya zao.

"Andika: Tunaulizana," akasema Mama.

Nikaandika. Mwamuzi alieleza kwa upole kwamba kanuni haziruhusu kupima aina isiyojulikana. Alilipasua moja hata hivyo, akainamia nyama yake, akaenda kwenye meza nyingine, akarudi. Hatukupata kadi ya ushindi. Tulipata watu. Walijipanga mbele ya kiti cha Mama kuuliza limetoka wapi, na kila mara Seremala alijibu "Kwangu" na Mama akajibu "Kwangu" kwa pamoja. Waridi la Shangazi lilisimama peke yake, na hilo hajatusamehe.

Usiku wa jana, hapa mezani, Mama aliniuliza, "Mbegu za haya, tukizipanda, mwakani yatatokaje?"

"Nilivyosoma, kila moja litatoka na sura yake. Mengine ya shingo, mengine duara, mengine hatujui."

"Kuna aliyeyaona?"

"Hakuna."

"Basi nataka kuyaona."

"Na ya kwako, Mama?"

"Ya kwangu yana mtunzaji. Wanasema ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi nimelipenda boga maisha yangu yote, na ua nikalifunga mdomo."

Kwa hiyo, mbele ya waliotajwa, natangaza uamuzi wake, ambao kikao kimeupokea bila pingamizi. Seremala asing'oe kitu. Kila nyumba ya mstari wa uzio ichukue mbegu za Tunaulizana leo kabla ya kuondoka, ipande mvua ikishika, na asionekane mtu na uzi mkononi. Wewe, mbegu kama umeshamkabidhi mwenzako, uzichukue tena kabla hajafunga mizigo, kwa sababu hazitakuja huku kuchanganywa: ni zako kuzipanda, ni zako kuzitunza. Na kwa kuwa hakuna mji usio na watu wanaoshindania maua, utafute maonyesho ya huko, uweke maboga matatu mezani, na kwenye kadi uandike jina la Mama.

Dada yako mkubwa, kwa niaba ya kikao