Baiskeli Zisizo na Mwenyewe

Nairobi,
Septemba 1974

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni. Goti lako limepoa? Mwambie dada Nanyama asikuache ubebe maji. Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo, usiamini maneno ya watu.

Ule mpango wa ofisi yetu niliokueleza umeanza. Ni baiskeli za jiji: mtu anachukua moja kituo cha mjini, anaiacha kituo cha Parklands, mwingine anaipanda mpaka Lavington. Hazina mwenyewe. Tumeanza na chache za kujaribia, na zikifaulu jiji lote litapata.

Basi Mama, haukupita muda vituo vikawa vitupu. Mkubwa wetu, Bwana Muthama, akasema watu wameziiba na mpango ufutwe. Nilikataa katakata, nikatoka kuzitafuta mwenyewe.

Nilicheka hadi machozi. Ya kwanza niliikuta Mutuini kwa Mukonyo, mtunza bustani wa Lavington. Ilikuwa sebuleni, imefunikwa shuka, imepakwa mafuta na kufungwa vioo. Akanigombeza kwamba sisi watu wa ofisi hatuna huruma, tunalaza baiskeli kwenye mvua kama haina kwao. Alikuwa akiitunza mpaka mwenyewe ajitokeze! Kila nyumba niliyobisha hodi, hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Hakuna aliyeiba. Waliona vibaya kuiacha peke yake.

Nikamweleza Bwana Muthama kwamba kilichokosekana ni mtu wa kuzipokea. Akauliza ni karani gani ataacha kiti chake akakae kando ya barabara na pampu mkononi, akasema asipopatikana, mpango umekufa. Nikamwambia nitakaa mimi.

Mama, najua ulivyouza ng'ombe nisome, na ulivyojivunia tai yangu mbele ya akina mama wa kanisa. Nimeacha meza. Tangu Jumatatu niko kituo cha Parklands, nimevaa ovaroli. Sijafukuzwa, nimeomba mwenyewe, na nilitaka usikie kwangu kwanza. Ukikasirika itaniuma sana, lakini ofisini sirudi. Juzi Mukonyo alileta yake, akauliza italala wapi. Nikamwonyesha kibanda, akanikabidhi. Wengine wanafuata.

Nisalimie Nanyama na watoto wake, na majirani wote. Wakikuuliza kanisani siku hizi nafanya kazi gani, usiinamishe kichwa. Waambie mwanao anapokea baiskeli za jiji, na zinarudi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Zedekiah